Dakika Nne Kila Usiku

Kwanza nilisikia msumari. Usiku mkubwa, kitu kikadondoka sakafuni, ting, kikabingirika mpaka chini ya kitanda, kikatulia, na hapo hapo mtoto akaamka akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia, si cha njaa, si cha tumbo, mama anavijua vilio vya mwanawe, hiki kilikuwa kilio cha mtu anayemwita mtu aliye mbali. Nikawasha tochi ya simu nikakuta ni msumari wa bati, umeliwa na kutu. Nikauweka dirishani nikausahau. Kilio sikukisahau, maana usiku uliofuata kilirudi, na uliofuata, na uliofuata, usiku kumi na moja mfululizo, mpaka asubuhi hii ninayoisimulia, asubuhi ambayo mama mkwe wangu alikuwa anakuja na gari la kwanza kutoka Ruangwa kumpa mwanangu jina la baba yake.

Mtu asiye wa huku atasema sasa hapo pana nini cha kuogopa, kwa hiyo niseme. Kwetu mtoto mchanga akilia usiku bila homa, wazee wanasema analilia jina. Kuna marehemu wa ukoo anataka kuitwa tena. Basi mtoto anatajiwa majina ya marehemu, mmoja mmoja, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Bi Saada, mama mkwe wangu, anakaa Mbwemkuru, upande wa Ruangwa, hakusubiri hata kusafiri, alipiga simu usiku akaniambia weka sauti kubwa, sogeza simu sikioni kwa mtoto, akaanza kuwaita watu wao, babu huyu, babu yule, shangazi aliyekufa kwa ndui, mjomba aliyeliwa na simba, mimi nimekaa gizani nimeshika simu, majina ya wafu yanatoka kwenye spika, na mtoto analia tu. Yakaisha. Nikadhani salio la Bi Saada limekwisha. Kisha akasema: limebaki moja, na hilo silisemi kwenye simu, nakuja Alhamisi.

Limebaki moja. Harithi, mume wangu, alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kuchimba rubi mimba yangu ikiwa ya miezi minne. Mara ya mwisho alipopiga alisema anabadilisha laini, atanitumia namba mpya. Huu ni mwezi wa sita hakuna namba. Na wanaoitwa ni wafu tu, hakuna aliye hai anayeitiwa mtoto. Mtoto akinyamaza kwa jina la Harithi, basi Harithi amekufa, na hakuna mtu wa ukoo atakayebisha, itasomwa hitima na mimi nitakalishwa eda, na mimi nina miaka ishirini na mbili na shati lake bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango.

Kijiwe chetu kinaitwa Stesheni. Ni benchi la mataruma mawili ya chuma pale njia panda wanapopaki magari ya Ruangwa, hapa Nachingwea. Reli ilipita hapo enzi za Mwingereza, ikang'olewa kabla mama yangu hajazaliwa, mataruma yakabaki, watu wakakalia. Mwanamke hakai pale, lakini mimi nakaanga vitumbua hatua tatu kutoka kwenye benchi, kwa hiyo nawasikia wote. Mzee Bashiri ana birika la kahawa na ndiye anayeamua nani ameongea kupita kiasi. Sulfa, jina lake Kipriani, anapuliza dawa kwenye mikorosho ya watu kwa mashine ya mgongoni, na miezi hii ya baridi hata kikombe anachonywea kinanuka sulfa. Alikuwa rafiki wa Harithi, ndiyo maana ananiita shemeji. Mzani ni Baba Shaibu, mtu mzima, msimu ukifika anapima korosho ghalani, na miezi mingine anapima maneno ya wenzake. Na Profesa ni Fortunatus, alifika kidato cha sita akaishia hapo, ana kibanda cha kuchaji simu, na simu za watu zikiwa kwenye chaji yeye anasoma kwenye yake habari za nyota.

— Shemeji, macho mekundu kama umepuliza wewe, — akaanza Sulfa. — Dogo tena?

— Tena.

— Na mama mkwe?

— Gari la kwanza.

Sulfa akashusha kikombe. Habari ya jina walikuwa wanaijua wote. Anayekaanga barabarani hana siri, ana foleni.

— Mimi bado nasema ni chango, — akasema Mzani. — Chango linapanda usiku, linambana mtoto, analia. Haya ya majina ni kumsingizia marehemu.

— Chango lina saa? — nikauliza, na sauti ikatoka juu kuliko nilivyotaka. — Baba Shaibu, nakuuliza, chango lina saa? Huyu anaamka kwa saa!

Nikaifuta mikono kwenye kanga, nikatoa kadi ya kliniki. Nesi alikuwa ameniambia niandike mtoto anaamka saa ngapi, nikaandika nyuma ya kadi kuanzia usiku wa tatu. Nikampa Profesa kwa sababu ndiye aliyenyoosha mkono. Akasoma kwa sauti.

— Saa tisa na dakika kumi na mbili. Saa tisa na nane. Saa tisa na nne. Saa tisa kamili. Saa nane na hamsini na sita. Hamsini na mbili. Arobaini na nane. Arobaini na nne. Arobaini.

Akapitisha kidole kwenye tarakimu. Mzee Bashiri alikuwa anamimina, akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika kwenye vidole vya Mzani, na Mzani hakuondoa mkono.

— Dada Zaina, — Profesa akasema polepole, — hii umeandika kweli au umepangilia?

— Naapa. Simu iko kwenye mto. Nikisikia anavuta pumzi ya kulia naangalia saa.

— Dakika nne. Kila usiku anawahi dakika nne.

— Acha basi, — akasema Sulfa. — Mtoto wa miezi mitatu hajui dakika.

— Hajui. Nyota zinajua.

— Oya, Profesa, tusitishane asubuhi yote hii.

— Sitishi mtu. Kila nyota, ukiivizia mahali pamoja, kesho inafika pale mapema kwa dakika nne. Si kwamba yenyewe ina haraka. Sisi ndio tumesogea. Dunia inalizunguka jua, kila siku imesonga mbele kidogo kwenye njia yake, kwa hiyo anga la usiku nalo linasogea. Dada, chumba chako kina tundu juu?

Hapo ndipo nikaukumbuka msumari. Nilikuwa nimeshika upawa, nikauacha kwenye mafuta, kitumbua kikawa cheusi, nikawaambia ting, nikawaambia dirishani, nikawaambia mtoto analala upande wa ukutani na bati liko juu ya uso wake.

— Basi ndiyo hiyo, — akasema Profesa. — Usiku mkubwa siku hizi utosini iko Mshtarii. Jupita, ile ya shule. Inang'aa kuliko nyota zote. Inafika kwenye tundu lako, inamwangalia mtoto usoni dakika mbili tatu, inapita.

Inamwangalia. Neno hilo lilinishika mgongoni, pale pale mtoto alipokuwa amefungwa.

— Mshtarii inamtafutia nini mtoto wa watu? — akauliza Mzani.

— Haimtafuti. Ila usiseme kwamba haina rekodi. Ile ina kesi.

— Kesi gani?

Mzee Bashiri akampa Profesa kikombe, na kwa Mzee Bashiri hiyo ni ruhusa.

— Jamani, mwanzo hapakuwa na jua wala dunia. Lilikuwepo wingu la vumbi na hewa ya baridi. Wingu likaanza kujilalia kwa uzito wake lenyewe, likazunguka, katikati pakabanana mpaka pakawaka. Ndiyo jua hilo. Vumbi lililobaki likawa linazunguka pembeni, limelala bapa kama ungo. Punje ikashika punje, ikawa donge, donge likawa jiwe, jiwe likawa mlima, mlima ukawa sayari.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, — akasema Mzani kwa heshima kubwa.

— Hiyo ni ya vyombo vya majini.

— Na hizo zinaelea wapi? Nchi kavu?

Profesa akapuliza kahawa yake.

— Kama vumbi chini ya kitanda, — nikasema mimi, nikaona aibu maana sikuwa nimeitwa kwenye mazungumzo. — Usipofagia wiki, unalikuta limejikusanya lenyewe madonge madonge.

— Mmeona? Dada Zaina ameelewa kuliko nyie. Sasa shida iko hapa. Sayari hazikuzaliwa hizi nane tu. Zilizaliwa nyingi, zimebanana, kila moja na njia yake lakini njia zimekaribiana. Zikaanza kuvutana.

— Hiyo ni mikorosho, — akadakia Sulfa.

— Sulfa, kila kitu kwako mikorosho.

— Nisikilize, mzee baba. Babu yangu kule Ruponda alipanda hatua nne nne, tamaa. Bwana shamba akamwambia mzee, hatua kumi na mbili. Babu akasema mti si mbuzi, hauzururi. Miaka ishirini, matawi yanagombana juu, mizizi inagombana chini, ukafa huu, ukafa ule. Leo nenda kapulize shamba lile, miti imekaa kumi na mbili kumi na mbili, safi kabisa, mgeni anasema mzee huyu alivuta kamba. Hakuvuta kamba! Iliyobaki ndiyo iliyojipima.

Profesa akamtazama Sulfa kama mtu aliyekuta noti kwenye suruali ya zamani.

— Ndiyo hivyo hivyo, — akasema. — Tunaangalia juu tunasema zimepangwa vizuri. Tunaona zilizobaki tu. Ule upana kati ya moja na nyingine, usione ni uwanja. Palikuwa na mtu pale.

Nikamgeuza mtoto kutoka mgongoni nikamleta kifuani. Hakuwa analia. Alikuwa analala usingizi wa mchana, ule mzito, wa mtoto ambaye usiku ana kazi nyingine.

— Hao waliokuwa pale, — akauliza Mzee Bashiri, — wako wapi?

— Wengine waligongana. Mwezi wenyewe wanasema ni kifusi cha ajali hiyo. Wengine waliangukia jua. Na wengine walitupwa nje, na hiyo ndiyo kesi ya Jupita. Kubwa lile, kidogo kikipita karibu linakisukuma. Kidogo tu. Wakikutana tena mahali pale pale, linakisukuma tena. Kama bembea, humsukumi mtoto kwa nguvu, unamsukuma kwa wakati. Kidogo, kidogo, mara milioni, njia inarefuka, inapinda, mpaka siku moja kinakwenda na hakigeuki.

— Kama mama mkwe, — akasema Mzani.

Wakacheka, Sulfa mpaka akapaliwa. Na mimi nilicheka, kisha nikasikia kicheko changu peke yake kimebaki.

— Na kikishatupwa kinaenda wapi? — nikauliza.

— Hakiendi mahali. Kinakwenda tu. Hakina jua, hakina asubuhi, hakina mwaka, maana mwaka ni kuzunguka kitu na chenyewe hakina cha kuzunguka. Wanasema viko vingi sana huko gizani, vya nyota nyingine na vya kwetu. Huenda hata sisi tulikuwa na kikubwa kimoja kikatupwa. Hesabu zinakaa vizuri zaidi ukisema kilikuwepo.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — Mzani akahukumu.

— Kilikosea nini, Mzani? Kilizaliwa tu karibu na mkubwa.

Nilimwona Harithi. Naandika kama nilivyomwona: anatembea na begi lake la bluu mahali pasipo na barabara, wala hana haraka, wala hajachoka, na hakuna kunapokucha.

— Sasa nisikilizeni mimi, kitaalamu, — Mzani akavuta kanzu magotini. — Mimi ni mtu wa mizani. Ukitoa gunia upande mmoja, upande wa pili unashuka, hilo hata mtoto anajua. Ruangwa wanachimba madini ya kinywe. Malori usiku na mchana, kinywe kinakwenda bandarini, kinakwenda ng'ambo. Upande wetu wa dunia unakuwa mwepesi! Dunia inapepesuka. Ndiyo hizo dakika nne!

— Mzani, ng'ambo si duniani?

— Ni duniani, lakini si Ruangwa!

— Na dakika nne zilikuwepo kabla kinywe hakijachimbwa.

— Ulikuwepo ukazipima?

— Ila kuyumba kupo, — Profesa akasema, na sauti yake ikashuka, na nikatamani asiendelee. — Si kwa ajili ya kinywe. Zebaki, ile ndogo ya karibu na jua, huenda miaka mabilioni ijayo Jupita ikaivuruga njia, ikarefuka, ikaigonga jirani yake. Au isivurugwe kabisa. Wamepiga hesabu mara maelfu. Ukianza hesabu na tofauti ndogo, upana wa kidole hiki, mwisho unapata jibu jingine kabisa. Kwa hiyo hawajui. Si kwamba hawajasoma. Haijulikani.

— Hata hapa tuliambiwa reli ni ya kudumu, — akasema Mzee Bashiri, akaligonga taruma kwa kisigino. — Baba yangu aliipanda mara mbili.

Lori la mchanga likapita, vumbi likatuangukia polepole, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaliangalia vumbi namna lilivyokuwa linatua.

— Mimi nasema hivi, — Sulfa akainama mbele, harufu ya sulfa ikaja naye. — Jupita inapita kila usiku juu ya nyumba za watu wote wa Nachingwea. Watoto wamejaa, hawalii. Dogo halilii Jupita. Kile kilichotupwa nje, kinarudi. Kiko nyuma yake, cheusi, sisi hatukioni, macho yetu yameshazoea mwanga. Dogo ana macho mapya. Anakiona kinavyokuja, dakika nne, dakika nne...

— Kipriani! — Mzee Bashiri hakuwahi kumwita kwa jina lake. — Kuna mama hapa.

— Samahani, shemeji. — Akasimama, akavua ndala moja, akaitazama soli. — Basi tufanye la maana. Nakata kipande cha hii, napanda juu, napiga msumari na kipande chake, tundu kwisha. Usiku wa leo dogo asipolia, tumemaliza, ni nyota. Unamwambia mama mkwe arudi na jina lake. Akilia bado...

— Akilia bado ni jina, — akamalizia Mzani.

— Haswa. Nusu saa tu, shemeji. Nipe ngazi.

— Hapana.

— Hutaki nini? Ni bure.

— Nimesema hapana! Msiguse bati langu! Mtu asipande juu ya nyumba yangu!

Nilisimama, karai likatikisika, mafuta yakaruka kwenye moto, mtoto akashtuka. Walinitazama wote wanne. Sulfa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ndala mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetaka kusaidia na hajui amekanyaga nini. Sikumwambia. Ningemwambiaje? Nikakaa, nikaanza kugeuza vitumbua ambavyo havikuwepo kwenye karai.

Gari la Ruangwa likaingia.

Bi Saada akashuka wa mwisho, mwembamba, kanga mbili, mfuko wa mbaazi. Hakuja kwangu kwanza na hakunyoosha mikono kumchukua mtoto, na hilo lilinitisha kuliko kama angemnyang'anya. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi. Sulfa akaruka kumpisha.

— Shikamoo mama, — wakasema kwa pamoja, kama darasa.

— Marahaba, wanangu. Nipeni kahawa. Barabara imenitikisa mpaka meno.

Akakaa pale wasipokaa wanawake, akanywa. Na kwa sababu hakuna aliyekuwa na la kusema, Sulfa akasema yote, msumari, kadi ya kliniki, dakika nne, Mshtarii, mikorosho ya babu yake, na Profesa akawa anamsahihisha, na Mzani akaingiza kinywe. Bi Saada akasikiliza kama anasikiliza mashahidi barazani. Nilitegemea akasirike. Alipomaliza kikombe akakigeuza chini juu kwenye kiganja.

— Hiyo iliyotupwa nje, — akamwambia Profesa. — Umesema haina jua.

— Haina, mama.

— Imekufa?

Profesa akaweka kikombe chini.

— Kufa... hapana. Ndani yake pengine bado ina joto lake. Inakwenda tu.

— Nani ameiona?

— Hiyo ya kwetu, hakuna. Kama ilikuwepo, hakuna aliyeiona ikiondoka na hakuna anayeiona sasa.

— Hairudi?

— Hatujui ya kurudi.

— Sasa mtu akiwauliza ipo au haipo, mnamjibuje?

Profesa akatazama simu yake kana kwamba jibu lingeingia kwa ujumbe. Sulfa akavaa ndala. Mzani niliona kabisa anatafuta methali, midomo inatikisika, na methali hazikuja, hata moja. Mzee Bashiri akalitikisa birika, likatoa sauti ya maji kidogo na machicha.

— Kahawa imeisha, — akasema.

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na kazi aliyoikumbuka ghafla. Bi Saada akabaki benchi. Nikauchomoa ukuni kwenye moto, nikaenda nikakaa pembeni yake na mtoto kifuani. Chuma kilikuwa bado cha baridi.

— Sikuja kumuua mwanangu, — akasema, bila kunitazama. — Wewe unadhani nimekuja kumuua. Miezi sita kila jioni nampakulia chakula, kisha nawapa kuku. Nilitaka kujua tu niendelee kupakua au niache.

Nikamfunika mtoto miguu kwa kanga.

— Jana alilia?

— Alilia.

— Akanyamaza saa ngapi?

Na hapo yakanitoka yote, sikuweza kuyazuia, nikamwambia mama nisamehe, nilimwita, jana usiku nilimwita, nilisema kabla hujaja nijue mwenyewe, saa nane na dakika arobaini akavuta pumzi akaanza, nikamwinamia nikalisema jina la Harithi sikioni, kwa kunong'ona, mara moja, moja tu, na akanyamaza mama, alinyamaza hapo hapo kama mtu aliyeitikiwa, ndiyo maana sikutaka wazibe tundu, maana likizibwa na akalia gizani halafu nikaita na akanyamaza tena, basi imekwisha, hakuna pa kujificha, acha liwe wazi tu, acha lipite hilo linalopita.

Bi Saada hakulia. Kikombe kilikuwa bado kiganjani mwake, kimegeuzwa, na vidole vikakifunika.

— Ile nuru, — akauliza. — Aliponyamaza, ilikuwa imeshapita tundu, au ilikuwa bado ipo?

— Sijui.

— Ulikuwa unatazama wapi?

— Nilifumba macho, mama. Nilipolisema jina nilifumba macho. Niliogopa kuona.

— Uliyafumba kwa muda gani?

— Pumzi mbili. Au dakika tatu. Nilipofumbua alikuwa ananitazama mimi, na tundu lilikuwa jeusi.

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima kabla ya kuuweka begani.

— Basi hujui, — akasema. — Wewe hujui, na mimi sijui.

Akanyoosha mikono, sasa. Nikampa mtoto. Akamkalisha magotini, akamfuta unga wa mchele shavuni kwa pembe ya kanga, akamwita Nuhu, jina lililo kwenye kadi, ambalo nililitoa mimi bila kumuuliza mtu na ambalo yeye hakuwahi kulitamka tangu mtoto azaliwe. Mtoto akafumbua macho, akamwangalia, akampita kwa macho, akatazama juu ya bega lake.

— Umemwambia nani mwingine?

— Wewe tu.

Akamfunika mtoto macho kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemkinga na jua.

— Basi limeishia hapa. Naapa kwa mwanangu Harithi, popote anapotembea, sitamwambia mtu mwingine.